Gololi Iliyokwenda Rehani

Mchana mmoja wa mwezi wa Rajabu, nikiwa uani nachambua mchele, bibi aliniambia niifanye mashine ya gololi iwe mpya. Mimi nikiambiwa jambo hulitafutia maana ya pili na ya tatu, kwa hiyo niliweka ungo chini nikamuuliza mpya kwa namna gani.

"Mpya kama siku babu yako aliyoileta. Kabla ya hitma yake."

"Mpya kwa sura, bibi, au mpya kwa kufanya kazi?"

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "mimi sura siioni. Nataka ilie."

Macho ya bibi yameingia ukungu. Mtu akiingia anamtambua kwa kivuli na kwa namna anavyoburuta kandambili. Nilifikiri anataka mashine ilie kwa ajili ya kumkumbuka babu, aliyekuwa anatimiza mwaka kaburini, na nilikuwa tayari kulia mwenyewe. Lakini akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi dukani.

"Ikilia, mtani wa babu yako ataisikia. Akiisikia atarudi. Nataka arudi kukaa barazani kwangu kabla sijamfuata babu yako. Sina haja nyingine."

Mtani mwenyewe ni mzee wa Kizaramo, aliyekuja Tabora kijana akiwa gadi wa treni ya mizigo, akaoa, akajenga mtaa wa Ng'ambo, na Pwani akaisahau. Babu alikuwa Mnyamwezi. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo kichwani na kupita katika nchi ya wazee wake. Kwa hiyo yeye alimwita babu "mpagazi wangu", na babu alimwita "mla nazi", na kwa umri wao wote walitukanana kila jioni juu ya kahawa moja. Nilipokuwa mdogo niliamini wanachukiana. Nilikuwa nalia, nao wananicheka wote wawili, halafu yule mzee ananiambia, "Nyamaza mchumba, nikishamuua huyu nitakuoa."

Babu alipofariki mtani alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Msibani mtani ana ruhusa ya kuwachekesha wafiwa, kumwiga marehemu, na kuchukua kitu cha nyumba mpaka wenye nyumba wakikomboe. Nilikuwepo, nimeshika sinia la vikombe. Alivaa kofia ya babu, akajilaza kwenye mkeka wake ukumbini, akapiga kelele: "Mpagazi gani huyu! Kautua mzigo njiani, hata kituo cha Tura hatujafika!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha akainua kioo cha mashine ya gololi, akaitoa gololi, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Hii rehani," akasema. "Nataka jogoo."

Yeyote angempa jogoo na mambo yakaisha. Lakini mjomba wangu, mtoto mkubwa wa babu, ambaye anafanya biashara ya mahindi Nzega, ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka makaburini, udongo bado uko kwenye viatu. Aliona mtu amevaa kofia ya baba yake, na gololi ya baba yake inaingia mfukoni mwake. "Mwizi wewe," akasema. "Toka nyumbani kwa baba yangu." Hakusema kwa utani. Kila mtu alilisikia.

Mzee alivua kofia, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka. Gololi alitoka nayo. Alisahau kuirudisha au hakusahau, nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko inavyofaa. Tangu siku ile hajakanyaga kwetu. Hupita njia ya mbele ya nyumba akienda msikitini, anatazama mbele kama mtu anayefuata reli.

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: nitengeneze mashine ili mzee arudi. Nilimaliza chuo, nimesomea umeme, kazi bado, na kwa sababu hiyo nyumbani kila kitu chenye waya kimekuwa changu: pasi, redio ya bibi, chaja za majirani. Sikuwa na kisingizio.

Mashine hiyo, kwa wasiowahi kuiona, ni kabati lenye miguu minne mirefu, na juu yake ubao ulioinama umefunikwa kioo. Unavuta fimbo yenye springi, unaiachia, gololi ya chuma inapaa mpaka juu na kuteremka ikijigonga kwenye vichwa vinavyofanana na uyoga. Kila ikigonga, kengele inalia na namba zinazunguka. Chini kuna mabawa mawili madogo ya kuirudisha juu isizame shimoni. Ukiitikisa mashine kwa nguvu ili kuidanganya gololi, taa zinazimika na kila kitu kinagoma. Sisi tulikuwa tunasema imesusa. Huko mtandaoni wanaiita pinboli. Babu aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka la soda karibu na soko, akaiweka kwenye mgahawa wake wa chai njia ya stesheni, na mgahawa ulipofungwa ikahamia ukumbini kwetu. Imekaa hapo kama ndugu aliyekuja kusalimia akaishia kuwa mtu wa nyumba.

Nilianza kwa kutafuta picha za mashine ya aina hiyo, nijue ilikuwaje ilipotoka kiwandani. Nikaipata. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Kwenye kioo chake cha nyuma, kilichosimama wima juu ya ubao, kuna wanawake watatu wanaoteleza juu ya barafu. Nimekua nao. Nilijua wamevaa kanga, mmoja ya bluu, wawili nyekundu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mzungu ateleze kwenye barafu amejifunga kanga. Kwenye picha ya mtandaoni walikuwa miguu wazi, wamevaa visketi vifupi kuliko taulo. Nilikwenda na tochi nikaangalia vizuri. Kanga zilipakwa juu kwa rangi ya mabango.

"Babu yako ndiye aliyewavalisha," bibi akasema. "Wazee walikuwa wakitoka Ijumaa wanakuja kunywa chai, wakashindwa pa kuweka macho. Akamwita mchora mabango."

"Sasa mashine ikiwa mpya, wanakuwa na kanga au hawana?"

"Wavue, uone mjomba wako atakavyoanguka."

"Lakini bibi, umesema mpya kama siku aliyoileta. Siku aliyoileta hawakuwa na kanga."

Alinigeuzia macho yale ya ukungu. "Chuo mlikuwa mnasoma nini hasa?" akauliza, na hakutaka jibu.

Kila kitu kilikuwa hivyo. Raba zinazozunguka uyoga, babu alikuwa amezikata kutoka kwenye tyubu za baiskeli. Kengele ya kiwandani ilikufa zamani, akafunga ya baiskeli, ambayo kinyundo cha sumaku kiliipiga pembeni na kutoa mlio wa mtu anayekuomba njia. Ubao ulikuwa na tabaka la njano nililodhani ni vanishi iliyozeeka. Nilitumia siku nzima kulikwangua kwa upole, nikijisifu, mpaka pua ikaniambia kwamba ile ni nta. Babu alikuwa anausugua ubao kwa nta ya nyuki, ile wanayoileta warina asali kutoka porini. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeondoa uchafu, au nilikuwa nimemwondoa babu? Nikanunua nta nyingine nikausugua upya, halafu nikakaa tena chini nikijiuliza kama nta mpya ni ile ile. Niliacha kanga. Niliacha kengele ya baiskeli. Tyubu zilikuwa zimeoza, nikakata nyingine, na hata hapo nilisimama dukani nikashindwa kuamua kama ninunue tyubu mpya au niombe kuukuu, maana za babu zilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza.

Waya ulikuwa rahisi kuliko mawazo. Koili mbili zilikuwa zimeungua, nikazisuka upya. Vidole vya swichi nilivisugua kwa msasa laini kimoja kimoja. Transfoma ya kushusha umeme ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni gololi, na kwa hiyo nilikwenda kwa mjukuu wa yule mfanyabiashara wa soda, ambaye siku hizi anauza vipuri vya magari kwenye duka lile lile.

"Gololi ya bearingi?" akauliza. "Ya lori au ya trekta?"

"Ya mashine ya babu."

"Aa! Ile ya wanawake wa barafu!" Akaita nyuma ya duka, "Mama, ile mashine bado ipo!" Kisha akaniinamia. "Babu yangu alikuwa anasema kuiuza ile lilikuwa kosa la maisha yake. Sasa gololi yake iko wapi?"

"Iko rehani."

Hakuuliza zaidi. Watu wa Tabora wanajua lini wasiulize. Akanitafutia moja ya lori iliyokaribia ukubwa wa ile, ndogo kuliko yenyewe kwa unene wa ukucha tu.

Jioni niliyochomeka waya, taa za ubao ziliwaka zote isipokuwa moja, na zilipopata joto ukumbi mzima ulianza kunuka asali. Nilivuta fimbo. Gololi ikapaa, ikagonga, kengele ya baiskeli ikaomba njia, namba zikazunguka. Nilitaka kupiga kelele. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa.

"Inalia," akasema. "Ila hiyo gololi ni ngeni."

"Umejuaje?"

"Inakwenda kama mtu asiyejua nyumba."

Tukafungua madirisha ya mbele hata hivyo. Nilicheza kila siku saa ambazo mzee hupita. Siku moja, nikiwa nimejificha nyuma ya pazia, huku mkono mmoja uko kwenye kitufe cha bawa, nilimwona akipunguza mwendo. Kengele ililia. Mzee aliinua mkono akaisogeza kofia yake, akaendelea na safari. Nilikaa na tendo lile usiku na mchana. Mtu husogeza kofia kwa sababu ya jua, lakini jua lilikuwa limezama. Husogeza kwa salamu, lakini hakugeuka. Husogeza kwa sababu kichwa kinawasha. Nilimweleza bibi uwezekano wote mmoja mmoja, naye akaniambia niende nikakande unga.

Hapo nikaamua kutumia akili yangu mwenyewe, na ndipo nilipoharibu.

Nilikwenda kwenye kijiwe chao, mbele ya duka la fundi cherehani njia ya stesheni. Wazee wanne walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mzee wetu alikuwa amekalia kiti chake cha kukunja, cha mbao na turubai, alichopewa zawadi alipostaafu, ambacho hubeba kila aendako na hakuna mwingine anayekikalia. Nilikuwa nimeikariri hotuba yangu njia nzima.

"Shikamoo babu," nikapiga goti.

"Marahaba."

Nilisubiri neno mchumba. Halikuja, nikaendelea. "Nimekuja kwa niaba ya familia. Yale yaliyotokea msibani hayakuwa sawa. Mjomba alikuwa na uchungu. Tunakuomba radhi, babu, utusamehe."

Mmoja wa wazee alikuwa ameinua kizibo, akabaki nacho hewani. Mtani wa babu alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona usoni mwake.

"Hamna neno, binti yangu," akasema. "Nimesamehe. Nisalimie bibi, mwambie poleni sana kwa msiba."

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Bibi alikuwa anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Amesamehe!" nikasema. "Bibi, amesamehe, na amekusalimia!"

"Alikuitaje?"

"Binti yangu."

"Hakukuita mchumba?"

"Hapana."

"Alikutukana?"

"Wala! Alikuwa mpole kabisa. Amekupa na pole ya msiba."

Bibi alirudisha kipande cha mchembe kwenye bakuli. "Basi ndiyo ameniaga," akasema.

Sikuelewa. Nilisimama pale na furaha yangu kama mtu aliyeleta zawadi nyumba isiyo yake. Ilibidi anieleze polepole, na hata sasa nikijieleza mwenyewe hupotea katikati. Radhi, alisema, huombwa mgeni. Umemkanyaga mtu sokoni, unamwomba radhi, anasema hamna neno, kila mmoja anashika njia yake. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba siku ile uliona kweli anaiba, na leo umeamua kumalizana naye.

"Wewe umekwenda kumalizana naye," akasema. "Mimi sikutaka mmalizane."

"Sasa nifanye nini?"

"Mdai."

"Nimdai nini?"

"Gololi yetu! Mtukane, chukua chake, uondoke. Ningekwenda mwenyewe, ila kwa macho haya nitaishia kumtukana imamu."

Niseme ukweli, nilipita siku mbaya. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa huamkiwa, hupishwa njia na hapandishiwi sauti. Sasa bibi yule yule aliyenifundisha ananituma nikamtukane mzee hadharani na kumpora, na anasema hiyo ndiyo adabu. Na mzee keshaniambia amesamehe. Ukimtukana mtu aliyekwisha kukusamehe, huo bado ni utani au ni ukichaa? Niliandika matusi kwenye simu, nikayapanga kuanzia la upole. Nilifuta mengi. "Mla nazi" lilionekana dogo, lakini yaliyozidi hapo niliona haya hata kuyasoma kimoyomoyo.

Nilipofika kijiweni sikukumbuka hata moja. Wazee walikuwa wamemzunguka mmoja aliyekuwa karibu kufungwa, na mtani wa babu alikuwa amesimama, ameinama juu ya ubao anampigia kelele mwenzake. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikakikunja. Nikakiweka kichwani, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni, na kama wazee wetu walivyobeba kila kitu.

"Wewe mla nazi!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikanibidi nianze upya. "Wewe mla nazi mwizi! Kiti hiki rehani! Ukikitaka lete gololi yetu, na nazi juu!"

Waligeuka wote wanne. Nilijua nikibaki sekunde moja zaidi nitapiga goti niseme shikamoo. Nikageuka nikaondoka. Nyuma yangu mtu alicheka, kisha wawili, lakini cheko la mzee wetu nalijua na sikulisikia. Sikuthubutu kutazama. Kiti kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani na mguu wake mmoja ulikuwa unanigonga begani kila hatua. Muuza karanga akaniuliza, "Dada, unahama?"

Hakunifuata. Hakuja jioni ile wala kesho yake. Kiti kilikaa ukumbini karibu na mlango, na kila nilipokipita niliona wizi. Zawadi ya kustaafu ya mzee wa watu. Anakalia nini sasa? Nilipendekeza kukirudisha kimya kimya alfajiri, bibi akasema nikikigusa nitalala nje. Yeye alikuwa anakaa kando yake kwenye mkeka, na mara nyingine nilimwona anapapasa turubai kwa viganja. Niliona pia kwamba hanitumi tena kufungua madirisha. Hapo nikaogopa sana, kwamba labda naye ameshakata tamaa na ananificha.

Siku ya hitma mjomba alifika asubuhi kutoka Nzega na gunia la mchele. Alipoingia ukumbini alisimama.

"Hiki si kiti cha yule mzee?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kimefikaje hapa?"

Nilitafuta maneno mazuri nikayakosa. "Nimekiiba."

Alinitazama, akawatazama wanawake wa barafu na kanga zao, akanitazama tena. "Umekiiba," akarudia, kama mtu anayesoma risiti asiyoielewa. Baadaye, watu walipoanza kuingia, alikiinua kiti pale mlangoni akakikunjua na kukiweka kando ya mashine ya gololi. Sikujua kama anawapisha wageni njia au anamwandalia mtu mahali. Sikuuliza, kwa kuogopa jibu moja kati ya hayo mawili.

Wakasoma, wakamaliza, dua ikaombwa, tukaanza kupitisha pilau. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshika sinia ukumbini kwa wanaume, mimi nipo kwenye pazia la uani na bibi na wanawake wengine. Ndipo sauti ikaja kutoka barazani.

"Wapi wapagazi walioniibia kiti?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni amevaa kanzu iliyopigwa pasi, hana viatu, kofia imekaa upande.

"Nimesimama wiki nzima kama nguzo ya simu! Nataka kiti changu na jogoo wangu, na kama jogoo hayupo nabeba mjane!"

"Unibebe kwa mgongo upi, mla nazi?" bibi akajibu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu babu azikwe. "Mgongo wenyewe ulikwisha zamani!"

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Wanaume hawakucheka. Walikuwa wanamtazama mjomba. Nami nilimtazama kupitia mwanya wa pazia.

"Mwizi huyu," mjomba akasema.

Lilikuwa neno lile lile. Nilijaribu kusikia kama lina kitu tofauti ndani yake, na nakiri sikusikia. Uso wake ulikuwa mgumu vile vile kama siku ya mazishi. "Fungeni milango," akaongeza, "kabla hajabeba na masufuria." Mtu mmoja akacheka, akanyamaza, hana hakika. Mjomba akamwonyesha mzee kile kiti. Mzee akakaa. Mjomba akamchotea pilau sahani imejaa, akatafuta kwenye sinia kwa kijiko, muda mrefu, kwa uangalifu wa mtu anayemchagulia mgeni mnofu, na akamwekea juu ya wali mfupa mtupu, mweupe, usio na hata unyuzi wa nyama.

Mzee aliutazama mfupa. Mimi nilishika mkono wa bibi, nikamnong'oneza, "Amempa mfupa." Bibi akanifinya ninyamaze.

"Nyama mmekula wenyewe njiani," mzee akasema hatimaye. "Ndiyo maana mizigo ya wazee wangu ilikuwa haifiki." Na hapo akacheka, lile cheko ninalolijua, na mjomba akageuka upesi na sinia lake akaja uani, akasimama karibu na pipa la maji ameupa ukuta uso. Nilimpelekea glasi ya maji. Akaipokea bila kunitazama.

Baada ya kula mzee alitoa leso mfukoni, akaifungua, akaitia gololi mahali pake. Nilichomeka waya. Taa zikawaka, harufu ya asali ikaanza. Akavuta fimbo, na mashine ikalia, na kweli, hata mimi nilisikia tofauti, mlio mzito kidogo, usio na haraka. Nyuma ya pazia bibi alisema kwa sauti ndogo, "Hiyo." Mzee alicheza kwa viuno na mabega kama kijana, akaisukuma mashine kwa paja kuidanganya gololi isizame, akazidisha, taa zikazimika zote.

"Imesusa!" akapiga kelele. "Mchumba, umeiosha sana hii! Inakimbia kama mpagazi aliyetua mzigo!"

Nilicheka kwa kuwa wengine walicheka. Bado nilikuwa najiuliza kama anailaumu kazi yangu kwa kweli.

Walipoanza kuaga, nilimwona akiinua kioo. Akaitoa gololi, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni, akavaa kandambili akashuka barazani mikono mitupu. Nilitoka mbio.

"Babu! Gololi yetu!"

"Na kiti changu je?" akasema bila kugeuka.

"Chukua kiti!"

"Sikitaki leo," akasema, akakata kona.

Nilirudi ndani. Kiti kilikuwa pale pale kando ya mashine, ambayo taa zake zilikuwa zimewaka tena, mpya kadiri nilivyoweza, na haina gololi. Ile ya lori ilikuwa kwenye kopo jikoni. Nilimuuliza bibi kama niiweke ile, na kama kiti nikirudishe kesho au nisubiri, na kama nisubiri, mpaka lini.

"Bado inanuka asali?" akauliza.

"Ndiyo."

"Usizime kwanza," akasema, akajisogeza kwenye mkeka mpaka mkono wake ukaifikia turubai ya kiti.